Lakini, Bali na Ila: Historia ya Kulinganisha, Kutofautisha na Kuunga Mawazo katika Kiswahili



Ihumwa ni kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Dodoma, katika njia iendayo Morogoro. Kwa miaka mingi wasafiri waliifahamu kwa kituo cha reli na kwa mashamba yake. Tangu Aprili 2019, ulipozinduliwa Mji wa Serikali katika eneo la Mtumba jirani na hapo, imekuwa njia ya kila mwenye shida na wizara. Nimeanza na Ihumwa kwa sababu mambo mawili niliyokutana nayo huko ndiyo yaliyonipa mada ya leo.

La kwanza nililisikia sokoni. Mama mmoja muuza nyanya, mtu mzima, alikuwa akimshawishi mteja: "Hizi zimezishinda zile, mwanangu, na bei ni ileile." Mteja, kijana mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, akamjibu: "Lakini zile ni kubwa zaidi ya hizi, mama." Walielewana, nyanya zikanunuliwa. Kisarufi, hata hivyo, walikuwa wamesimama katika karne mbili tofauti. Mama alilinganisha kwa kitenzi. Kijana alilinganisha kwa kivumishi, akakiongezea "zaidi ya", kwa mpangilio ule ule aliofundishwa katika kipindi cha Kiingereza.

La pili lilinihusu mwenyewe. Afisa mmoja ambaye kazi yake ni kuandaa nyaraka za kisheria kwa Kiswahili, na ambaye niliwahi kumfundisha, alinisimamisha nje ya ofisi yao. "Shikamoo, Mwalimu. Nina swali dogo tu. 'Licha ya' maana yake nini hasa?" Nilimjibu palepale, kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuulizwa. Jibu langu lilikuwa na kasoro. Mhadhara huu kwa sehemu kubwa ni masahihisho ya jibu hilo.

Hoja yangu ni kwamba namna Kiswahili kinavyolinganisha, kinavyotofautisha na kinavyounga mawazo imejengwa kwa tabaka tatu: tabaka la kitenzi cha Kibantu, tabaka la viunganishi vilivyotoka katika Kiarabu, na tabaka la ruwaza za Kiingereza zilizopitia shuleni na ofisini. Tabaka mbili za kwanza zimechunguzwa na wanaisimu kwa muda mrefu. Ya tatu inabadili maana za maneno yetu ya zamani bila sisi kutambua, na inafanya hivyo wakati uleule ambapo maneno hayo yamepewa kazi ya kubeba sheria za nchi.

Kitenzi kinachopita

Vivumishi vya Kiswahili havina maumbo ya ulinganishi. Hakuna kiambishi tunachoweza kukipachika kwenye "-refu" kikatupa maana ya kuzidi kwa urefu. Askofu Edward Steere aliliona jambo hili katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, akaonyesha njia zinazotumika badala yake, zikiwamo "kuliko" na "kupita". Kwa msomaji wake Mwingereza huu ulionekana kuwa upungufu unaozibwa kwa njia ya kuzunguka. Mimi siuoni kuwa ni upungufu.

Leon Stassen, katika utafiti wake wa mwaka 1985 kuhusu ulinganishi katika lugha za dunia, alionyesha kwamba lugha hazilinganishi vitu kwa mbinu zisizo na mwisho. Nyingi huazima muundo uliokwisha kuwapo kwa kazi nyingine. Zipo zinazotumia kitenzi chenye maana ya kupita au kushinda, na lugha nyingi za Kibantu zimo katika kundi hilo. Zipo zinazotumia uhusiano wa mahali: Kiarabu husema kitu ni kikubwa "kutoka" kingine, na Kiamhari vivyo hivyo. Kiingereza nacho hakikuanza na neno maalumu la kulinganisha, kwani "than" na "then" asili yake ni neno moja. Aliyesema kitu ni kikubwa "than" kingine alikuwa akivipanga kwa mfuatano: hiki kwanza, halafu kile.

Kiswahili kina njia mbili za asili kwa pamoja. Kina "-pita" na "-shinda", na kina "kuliko", ambalo ukilichambua ni ku-li-ko, yaani mahali kilipo kitu fulani. "Juma ni mrefu kuliko Ali" ni Juma aliyesimamishwa pale alipo Ali, tukamwona mrefu. Kitenzi "-zidi" kimetoka katika Kiarabu, lakini kimekalia kiti kilichochongwa zamani na "-pita". Na jambo ambalo wanafunzi wangu hulistaajabia kila mwaka ni hili: pamoja na maneno yote tuliyoyachukua kwa Waarabu, hatukuchukua muundo wao wa kulinganisha. Tulichukua maneno mawili matatu yaliyokuwa tayari katika umbo la kuzidi, kama "afadhali" na "aghalabu", tukayafanya vielezi vya kawaida. Anayesema "afadhali hivi kuliko vile" ametamka umbo la ulinganishi la Kiarabu, kisha akafanya ulinganishi wenyewe kwa Kibantu.

Katika kuunga mawazo hali ilikuwa hiyohiyo. Kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno linalosimama peke yake, Kiswahili cha asili hukifanya kitenzi kiibebe. "Alifika, akakaa, akanywa maji, akaenda zake" ni vishazi vinne visivyo na kiunganishi hata kimoja, na hakuna anayepotea njia, kwa sababu "-ka-" imeshasema lipi limefuata lipi. "-ki-", "-po-" na "-nge-" zina zamu zao. Hata "ingawa", ambalo leo tunalipanga miongoni mwa viunganishi, ni kitenzi kilichoganda. Zamani lilinyambulika kwa nafsi: ningawa, ungawa, angawa. Mtu alisema "angawa maskini" kwa urahisi uleule tunaosema "akiwa maskini". Umbo la "i-" likabaki peke yake, likasahau ukoo wake.

Tofauti nayo iliweza kuonyeshwa kwa kuweka mawazo mawili bega kwa bega tu. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Mwalimu wa insha angedai "lakini" au "ilhali" katikati. Tia neno hilo, uone methali inavyokufa.

Maneno ya chuoni na ya barazani

Orodha ya viunganishi vyetu vilivyotoka katika Kiarabu ni ndefu: lakini, bali, ila, au, ama, wala, kama, hata, kabla, baada, kwa sababu. Mara nyingi husemwa kwamba Kiarabu kilituletea maneno ya dini na biashara. Orodha hii haihusu dini wala biashara. Mtu anaweza kununua ngozi na kuuza shanga maisha yake yote bila kuhitaji "bali". Maneno haya yanahitajika mtu anapobishana, anapoandika barua, anaposikiliza shauri kwa kadhi, anapofafanua aya kwa mwanafunzi. Ni maneno ya usomi, na yaliingia kupitia watu waliokuwa wakisoma lugha mbili kwa wakati mmoja.

Nitakaa kidogo kwenye matatu ya kichwa cha mhadhara. "Lakini" hupinga matarajio: "Ni mzee lakini ana nguvu." Kauli zote mbili ni za kweli, ya pili huzuia hitimisho ambalo msikilizaji angelifikia kutokana na ya kwanza. "Bali" husahihisha: "Si mwalimu bali daktari." Hapa kauli ya kwanza imekanushwa, na ya pili imeketi mahali pake. "Ila" hutoa kimoja katika jumla: "Wamefika wote ila Asha." Kiarabu kilikuwa na mgawanyo huo huo, na mfasiri wa Kurani, awe Godfrey Dale mwaka 1923 au Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy aliyekamilisha tafsiri yake mwaka 1969, aliukuta ukimsubiri ndani ya Kiswahili. Wajerumani nao hutenganisha kupinga na kusahihisha kwa maneno mawili. Kiingereza kina "but", ambalo hupinga, husahihisha, na katika matumizi mengine hutoa kimoja katika jumla. Kwa hiyo, katika jambo hili, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina, na tutaona umefanywa nini.

Maneno haya yalipandaje hadi uwanda wa kati? Kwa miguu, kwanza. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na msafara ulipaswa kujadiliana kuhusu hongo na maji kila ulipopiga kambi. Majadiliano hayaendi bila "lakini". Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, serikali ya Wajerumani ikakitumia Kiswahili katika utawala, reli ikapita hapa kuelekea Kigoma ilikokamilika mwaka 1914. Lugha nyingi za bara ziliazima "lakini" kutoka katika Kiswahili, na wazungumzaji wake wengi hawajui kama neno hilo liliwahi kuwa la kigeni.

Wino mwekundu

Sarufi za mwanzo za Kiswahili ziliandikwa kwa ajili ya wageni, na hilo halikuwa kosa. Ludwig Krapf alichapisha ya kwake mwaka 1850, Steere mwaka 1870, na Ethel Ashton, baada ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 kuanza kazi ya usanifishaji, alichapisha yake mwaka 1944. Ashton alikuwa na sikio zuri kuliko wengi waliomtangulia, na alijitahidi kuieleza lugha kwa mujibu wa maana zake yenyewe. Lakini mnunuzi wa kitabu cha namna hiyo huja na swali lake mfukoni: nitasemaje "although"? Nitasemaje "whereas"? Jibu hutolewa kwa orodha ya maneno. Orodha ikirudiwa mara nyingi huonekana kuwa ndiyo sarufi. Tulipoanza kuandika vitabu vyetu wenyewe tuliirithi: aina ya neno iitwayo kiunganishi, na chini yake maneno yamepangwa, kana kwamba "-ka-" na "-ki-" haziungi kitu.

Kisha mtoto huingia sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na orodha humgeukia. Nilipokuwa kijana nilifundisha kidato cha kwanza, na nilimaliza chupa nyingi za wino mwekundu kwa kosa moja. Mwanafunzi huandika kwa Kiingereza sentensi inayoanza na "although", na anapofika katikati huweka "but". Nilikata "but", nikaandika pembeni: moja tu! Sikumweleza kwa nini, kwa kuwa sikujua. Mwanafunzi alikuwa akifikiri kwa utaratibu kamili: "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Katika Kiswahili cha mazungumzo neno la kwanza hufungua ukinzani na la pili huufunga, kama mabano mawili. Kichina nacho huweka jozi ya aina hiyo. Na Kiingereza chenyewe, katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, hufungua kwa "though" na kufunga kwa "yet" mara nyingi. Nilikuwa nikisahihisha jambo ambalo Kiingereza chenyewe kiliwahi kulifanya katika kitabu chake kilichosomwa sana.

Vivyo hivyo kwa "more better", ambalo wanafunzi hulitoa katika "bora zaidi". Si Kiingereza sanifu cha leo, na mwanafunzi hana budi aambiwe hivyo. Lakini Shakespeare alirundika maumbo ya kuzidi bila haya, na alifanya hivyo katika tamthilia ya Julius Caesar, ileile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969. Hotuba ya Brutus mbele ya umma imejengwa kwa kulinganisha mapenzi mawili, kwa Kaizari na kwa Roma, na kwa kukanusha moja ya tafsiri za kitendo chake ili kuweka nyingine. Anayetaka kujua tofauti ya "lakini" na "bali" inavyoweza kuwa suala la uhai na kifo, asome hotuba hiyo katika lugha zote mbili.

Nimesema wino mwekundu uliwafundisha wanafunzi kwamba "ingawa" na "lakini" haviandamani. Baadhi yao sasa ni wahariri, na huvitenganisha hata katika Kiswahili. Hayo ni mapambo tu, hayanisumbui. Linalonisumbua ni "but". Kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja, mfasiri aliyeharakishwa huandika "lakini" kila anapolikuta. Katika habari na matangazo tunasoma "si adhabu lakini onyo". Msomaji anaelewa, lakini mgawanyo uliochukua karne kadhaa kutulia unaanza kulegea. "Ilhali" nalo linasukumwa na "wakati", kwa kuwa "while" ya Kiingereza hubeba muda na tofauti kwa pamoja. "Wizara ilihamia Dodoma wakati wakala wake walibaki Dar es Salaam": je, ni habari ya saa, au ya kutofautisha? Na sitasema mengi kuhusu "na/au", ambayo haitamkiki.

Licha ya

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Nilimjibu kwamba "licha ya" ni sawa na "notwithstanding" ya wanasheria: kifungu kinachofuata kinatawala, kilichotajwa kinawekwa kando. Hivyo ndivyo magazeti yanavyolitumia: "Licha ya mvua, mkutano uliendelea." Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Humo neno hili ni jirani wa "seuze" na "sembuse": achilia mbali, si hilo tu. "Licha ya kusoma, hata kuandika anaweza." Kusoma hakukuwekwa kando kwa kupingwa, kumewekwa kando kwa sababu hakuna haja ya kubishaniwa, na la pili limeongezwa juu yake. Wazee wangu walilitumia hivyo, na wapo wanaolitumia hivyo hadi leo. Neno lilihama kutoka kuongeza hadi kupinga, na ninaamini aliyelisukuma ni "despite" ya vyumba vya habari, ingawa uhamaji wa aina hiyo unaweza pia kutokea wenyewe.

Kwenye habari za mvua uhamaji huu hauna madhara. Chukueni sentensi niliyoitunga mwenyewe: "Licha ya masharti ya kifungu cha 5, mwenye ardhi atalipwa fidia ya mazao." Kwa maana mpya, kifungu cha 5 kinawekwa kando, na mwenye ardhi anapata fidia ya mazao hata kama kifungu hicho kinamnyima. Kwa maana ya zamani, anapata kilichomo katika kifungu cha 5, na juu yake fidia ya mazao. Kama kifungu cha 5 kinahusu fidia ya nyumba, tofauti ya usomaji mmoja na mwingine ni nyumba.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Hatuanzi patupu: Katiba ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, na ina viunganishi vyake vilivyokomaa, kama "isipokuwa kwamba" na "bila ya kuathiri". Lakini sheria nyingi zilizokuwapo ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila moja imejaa maneno madogo yanayopanga nani anamtii nani. "Subject to" husema kifungu hiki kiko chini ya kile. Tunapoandika "kwa kuzingatia", tumesema tu kwamba tumekitazama. Mtu anaweza kuzingatia ushauri, kisha asiufuate.

Nilimpigia simu mwanafunzi wangu, nikamweleza kwamba nilimpotosha. Alicheka, kisha akauliza swali gumu zaidi: "Basi tuandike nini, Mwalimu?" Nikapendekeza "bila kujali". Alinyamaza kidogo, akasema mzee wa Ihumwa akisomewa "bila kujali masharti ya kifungu cha 5" atauliza kama serikali imeacha kuijali sheria yake yenyewe. Alikuwa na haki. Katika masikio ya watu wengi kutojali ni dharau, na hakuna kamusi itakayoiondoa dharau hiyo.

Ndipo nikamkumbuka mama wa nyanya. Kiswahili kina kitenzi cha kusema kitu kimoja kimekizidi kingine, na hakina utata: "Kifungu hiki kikipingana na kifungu cha 5, kifungu hiki ndicho kitakachoshinda." Kwa Kiingereza lingekuwa neno moja na kituo, kwetu ni kishazi kizima chenye "-ki-" yake na "-shinda" yake. Ni kirefu zaidi. Mwanafunzi wangu alisema wakubwa wake wanapenda ufupi, lakini atakipeleka.

Kwenu wanafunzi nina kazi. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na hukumu zake zimo katika majalada. Humo mahakimu wameunga, wamelinganisha na wametofautisha mambo ya ng'ombe, mipaka na mirathi, bila kusubiri tafsiri ya mtu. Anayetafuta mada ya tasnifu akahesabu: "licha ya" ngapi zina maana ya zamani, ngapi mpya, na mabadiliko yalianza lini. Mimi nimeomba kibali cha kuanza na majalada ya wilaya za hapa uwandani, na mwanafunzi wangu wa Mtumba anayasubiri matokeo.